Bakuli la kabichi kutoka kwa Mama Mgiriki

Jumanne iliyopita baba yangu alikula chakula cha mchana akamaliza. Anayepita juu juu ataona hilo si jambo la kuandikia, lakini waliowahi kukaa na mzee nyumbani watanielewa. Tangu Mama atangulie mbele ya haki, mwezi wa Rajabu, Baba amekuwa mtu wa vijiko vitatu vya uji asubuhi na matonge mawili ya ugali jioni. Ukimbembeleza aongeze, anasukuma sahani taratibu na kusema, "Nimeshiba, mwanangu, Mungu akuzidishie." Ana miaka 84. Nimempikia changu wa kukaanga, pweza wa nazi, bada, mkate wa kumimina, hata bokoboko ambalo Mama alikuwa akimpikia sikukuu tu. Vyote alivionja kwa heshima, kisha akanawa mikono.

Kilichomfungua kinywa ni kabichi. Nianze na mifuko ya mtindi, maana ndiyo iliyonifikisha kwenye kabichi lenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, baraza yangu iko Ngamiani, hapa Tanga, Barabara ya 9. Nashona sare za shule, madera, na mapazia msimu wa harusi. Mwezi wa Agosti alikuja mama mmoja mtu mzima, chotara, nywele nyeupe kazifunika kwa upande wa kanga, mkononi kashika kifuko kilichochakaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa Kiswahili cha hapa hapa kwetu, kile cha kuvuta. "Mwanangu," akasema, "nataka mifuko kumi na miwili ya namna hii. Kitambaa kiwe pamba tupu, na shingoni utie kamba ya kufungia na kutundikia."

Nikamuuliza ni ya nini, kwa kuwa fundi akijua nguo inakwenda kufanya kazi gani huishona vizuri zaidi. Akasema ni ya kuchujia mtindi. Jioni unautia mtindi mfukoni, unatundika juu ya beseni, na asubuhi maji yote yameshuka, kilichobaki ukichomeka kijiko kinasimama. Nikamshauri marekani nyepesi iliyofuliwa mara mbili, wanga wake utoke usije ukaingia kwenye chakula cha watu. Mishono nikaikunja mara mbili ili nyuzi zisichomoke. Siku ya kuchukua alipitisha kidole kwenye kila mshono, mifuko yote kumi na miwili, hakuruka hata mmoja. Kisha akaniambia, "Wewe ni raftra hasa." Ndiyo fundi cherehani mwanamke kwa Kigiriki.

Neno hilo sikuliacha. Jioni nilimpigia kijana wangu aliyeko chuo, anayesoma historia, naye akanieleza jambo ambalo sikupata kulisikia miaka yote niliyokalia cherehani. Karibu miaka 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja kutoka Misri aliandika kwa Kigiriki habari za safari za pwani yetu hii. Mji wa mwisho wa biashara alioutaja unaitwa Rhapta, na jina lenyewe linatokana na kushona, kwa sababu wenyeji walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Ni jamaa wa mitepe yetu, vile vyombo vya zamani vya kushonwa. Wataalamu hawajakubaliana mji huo ulikuwa wapi, wako wanaosema Pangani na wako wanaosema mdomo wa Rufiji. Mimi nilibaki na furaha yangu kwamba mgeni yule, katika yote aliyoyaona huku, alitazama mshono akaona unafaa kuandikwa.

Basi Mama Mgiriki, ndivyo watu wanavyomwita, akaniambia nisiishie kumshonea mifuko, niende nikale kilichotoka ndani yake.

Mgahawa wake ni chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili, mtaa wa pili kutoka kwangu. Jina hauna, kibao hauna. Mlangoni kuna ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki "Leo:" na chini yake vyakula vitatu, vikizidi vinne. Meza ni nne. Anapika yeye na binti yake, mkwe wake anakwenda kununua samaki alfajiri, na mjukuu wa miaka 11 anasaidia siku ambazo hakuna shule. Sahani ya kabichi ni shilingi 7,000, pweza 10,000, maharage 4,000 pamoja na mkate.

Nilifika baada ya sala ya adhuhuri, nikakaa nikisubiri kuulizwa nile nini. Haikuwa hivyo. Binti alinishika mkono akanipeleka jikoni, akaanza kufunua masufuria moja moja. Mama Mgiriki akanieleza kwamba ndivyo migahawa midogo ya kwao kwa baba ilivyokuwa tangu zamani: mgeni anaingia jikoni, anatazama kilichopikwa leo, anachagua kwa macho na kwa pua. Mwenyewe aliiona kazi hiyo Piraeus, bandari ya Athens, ambako alikwenda kwa ndugu wa baba yake miaka ya themanini akafanya kazi miaka tisa katika mgahawa wa ami yake. Kisha akarudi Tanga. Nilimuuliza kwa nini alirudi. Akasema alimkumbuka mama yake.

Nililiuliza pia lile ambalo Mwislamu yeyote angeuliza, na sikuona haya kuuliza. Alinijibu mara moja. Mama yake alikuwa Mbondei, Mwislamu wa Muheza, na jikoni humo nguruwe haingii wala mvinyo. Nyama inatoka kwa mchinjaji yule yule tunayenunua sote sokoni. Huko Ugiriki mishikaki mingi ni ya nguruwe, hapa ni ya mbuzi na kuku.

Sufuria la kwanza lilikuwa la bamia. Nilidhani atanitajia jina geni, akanambia Wagiriki nao huita bamies. Pilau wanaiita pilafi. Haluwa kwao ni halvas, ingawa yao wanayopika nyumbani ni ya semolina. Kahawa ni kafes. Nikasema haya maneno yamesafiri kuliko sisi. Bamia zake hazitelezi kama zangu, na siri yake ni kwamba anazikata vikonyo bila kutoboa tundu, anazinyunyizia chumvi na siki, anazianika juani kama saa moja, ndipo anazipika polepole na nyanya na vitunguu. Katika kupika hazikorogi kwa mwiko. Anashika sufuria masikio yote mawili na kulitikisa, bamia zisipasuke. Anapikia mafuta ya alizeti, kwa sababu mafuta ya zeituni ni ghali mno huku, ila yale ya zeituni anayamimina mwishoni, kijiko kwa kila sahani, yapate kunukia. Mimi zeituni nimeisoma tangu madrasa, katika Suratu Tin, Mola akiapa kwa tini na zeituni, nikaikariri na kuirudia miaka arobaini. Siku ile ndiyo niliyalamba mafuta yake kwenye kiganja changu. Yanawasha kidogo kooni, halafu yanaacha ladha kama ya majani mabichi.

Sufuria la pili lilikuwa la maharage meupe, karoti na nyanya, supu nzito wanayoiita fasolada. Wako Wagiriki wengi wanaosema hicho ndicho chakula chao cha taifa, si nyama. Nilikipenda hicho kwa sababu kinafanana na watu. Juu ya jiko la mkaa kulikuwa na mikia ya pweza, wa kutoka Deep Sea, soko letu la samaki, asubuhi ile. Mkwe aliniambia anapenda kununua pweza siku za bamvua, maji yakitoka sana. Anampiga kwenye jiwe kama tunavyompiga sisi, na Mama Mgiriki akasema hata kwa baba yake wavuvi humpiga mwambani vile vile, kisha humtundika kwenye kamba juani kama nguo. Huko huliwa sana wakati wa mfungo wao, kwa sababu Waorthodoksi wakifunga huacha nyama, maziwa na mayai, lakini pweza huhesabiwa kuwa hana damu, anaruhusiwa. Sisi tumemzoea kwenye nazi au kwenye supu ya jioni. Wa kuchoma, akatiwa siki, zeituni na majani makavu ya oregano, alikuwa mgeni kwangu, na ninasema wazi kwamba wa nazi bado ananishinda moyo.

Mtindi wa mifuko yangu ulikuwa kwenye bakuli la udongo, umechanganywa na tango lililokunwa na kukamuliwa, kitunguu saumu na chumvi. Pembeni kulikuwa na vipande vya jibini nyeupe ya maziwa ya mbuzi, ameitengeneza mwenyewe ikakaa kwenye maji ya chumvi. Nikasema, nikijidai najua, "Hii ndiyo feta." Akatikisa kichwa. Feta ni jina la jibini la Ugiriki lenyewe, la maziwa ya kondoo, likichanganywa na ya mbuzi kidogo, na tangu mwaka 2002 Umoja wa Ulaya umelilinda jina hilo, jibini la kwingine lisiuzwe humo kwa jina la feta. Hapa Tanga hakuna ambaye angemkamata. "Lakini mbuzi hawa ni wa Pongwe," akasema. "Nitawaitaje wa Ugiriki?" Kwenye ubao wake anaandika jibini ya chumvi. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Sasa nafika kwenye lililonisimamisha.

Mjukuu alikuwa kwenye kona ya jiko na bakuli la mayai. Alikuwa ameyapiga mpaka yakatoa povu, akatia maji ya limau, na sasa anachota supu ya moto kwa upawa na kuimimina kwenye mayai huku mkono wa pili ukikoroga. Bibi yake alikuwa anaongea na mimi, mgongo kampa mtoto, wala hakugeuka. Alisikia tu mlio wa supu ikishuka kwa wingi, akasema, "Siga, siga."

Nilihisi kama mtu kaniita jina langu la utotoni katika mji wa ugenini.

Neno hilo nimekua nalo. Baba alilisema akinifundisha baiskeli kwenye uwanja wa Makorora, mkono wake nyuma ya kiti: siga, siga. Alilisema nilipokuwa natia uzi kwenye tundu la sindano kwa mara ya kwanza. Alimwambia Mama alipokuwa anashuka ngazi za hospitali mwaka huu. Baba ni Msambaa wa Bumbuli, nami nilijua, bila kuuliza, kwamba hicho ni Kisambaa. Shuleni mwalimu wetu Msambaa aliniambia neno hilo halipo katika lugha yao. Nilipomuuliza Baba, alinijibu, "Ni neno la kazini," akaendelea na shughuli zake, na mimi nikafikiri ni la wapiga randa au la wabeba mizigo.

Nikamuuliza Mama Mgiriki, siga siga ni nini? Akasema ni polepole. Nikamwambia baba yangu analisema. Akaweka mwiko chini. "Baba yako alikuwa shamba gani?"

Wasiokulia mkoa huu pengine hawaoni swali hilo linatoka wapi. Mkonge wa Tanga si mzawa. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hiyo 62 ikatoka bahari ya mkonge mliyoiona mkipita Muheza na Korogwe. Mwaka huo huo ilianza kujengwa reli kutoka hapa Tanga, ikafika Moshi 1911, na miongoni mwa wakandarasi wa reli za Mjerumani walikuwamo Wagiriki. Wengine walibaki, wakafungua maduka na migahawa, na Mjerumani aliposhindwa vita mashamba yake yakauzwa, baadhi wakayanunua. Ndiyo maana wazee wa huku wakisema "kwa Mgiriki" hawamaanishi ng'ambo, wanamaanisha shamba fulani na korona fulani, ile mashine ya kuchambulia mkonge. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, hakuna nchi iliyotufikia. Kisha kamba za nailoni zikaangusha bei, na 1967 likaja Azimio la Arusha na mashamba mengi yakataifishwa. Wenyewe wakaondoka mmoja mmoja. Baba yake Mama Mgiriki, aliyetoka kisiwa cha Lemnos, naye aliondoka, bintiye huyu akiwa na miaka tisa. Alilisema hilo bila kuongeza neno, nami sikuongeza swali.

Nilikula pale pale, na familia nzima, kwa sababu wao hula na wageni. Mchuzi ulipobaki kwenye sahani mkwe alinikatia kipande cha boflo akasema nichovye. Mkate ukishalowa mchuzi namna hiyo wao huuita papara. Kwetu papara ni haraka isiyo na akili, na nikafikiri ajabu ya lugha, kwamba neno letu la pupa kwao ni tonge la mwisho, lile ambalo mtu hulila akiwa hana haraka kabisa.

Lakini muda wote ule mawazo yangu yalikuwa nyumbani Makorora, kwa Baba. Nikaomba kabichi la kumpelekea mzee. Lilikuwa kabichi la Lushoto, majani yake yamechemshwa yakalainika, kila jani limekunjwa kama mtoto aliyefungwa nguo, ndani nyama ya kusaga, mchele, vitunguu na majani ya bizari, na juu yake yale mayai na limau. Mama Mgiriki alikataa kunipa kwenye kopo la plastiki, akasema mchuzi huo hautaki kufungiwa ukatoka jasho. Alishusha bakuli lake la bati, jeupe lenye mstari wa buluu na mfuniko, akalifunga kwa kitambaa. Nikaliweka kwenye kikapu cha baiskeli, nikaendesha kama niliyebeba mtoto mchanga, nikiogopa kila shimo.

Baba alikuwa kibarazani, kwenye kiti cha kamba. Nikampa shikamoo, nikaweka bakuli kwenye stuli, sikusema neno. Nilitaka nione. Nilipofunua, mvuke ukatoka na harufu ya limau, na nikamwona akiinua kichwa. Alitazama bakuli kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuisikia tangu msiba, ile ya mtu mwenye nyumba, "Nani kapika hii?"

Alikata kabichi kwa kijiko, akachota na mchuzi, akala. Akala tena. Kisha akachota mchuzi mtupu, akauacha ulimini, akasema, "Hakutia unga. Safi. Wavivu hutia unga ili mayai yasikatike."

Mayai yasikatike. Kama tui. Nikavuta mkeka nikakaa miguuni pake, na Baba akaanza kusema.

Alishuka kutoka Bumbuli mwaka 1958, akiwa na miaka 17, akaandikwa shambani upande wa Korogwe, kukata mkonge kwa kipande. Haya nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni kwamba mwezi wa tatu mwiba wa mkonge ulimwingia kiganjani, mkono ukavimba, na kwa kuwa hakuweza kushika kisu akapelekwa nyumbani kwa bwana shamba aoshe vyombo mpaka apone. Alipona, lakini hakurudi shambani. Alibaki jikoni miaka tisa.

Jikoni alikuwamo mama yake bwana shamba, kizee cha Kigiriki kilichovaa nguo nyeusi tangu kifiwe na mume, miaka na miaka. Kiswahili chake kilikuwa "haya" na "moto". Baba naye Kigiriki hakuwa nacho hata neno moja. Siku ya kwanza kizee kilimpa upawa na bakuli la mayai, kikamwonyesha kwa mikono amimine supu. Baba akamimina yote. Mayai yakakatika, yakawa mabonge mabonge, na Baba akajua siku yake ya kazi imekwisha. Mayai sita. Kwao Bumbuli, mayai sita yalikuwa ya kupeleka sokoni, si ya kumwaga.

"Hakunigombeza," Baba akasema. "Alichukua mayai mengine sita. Akanishika hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono wake wa kulia, akakishika kwa mkono wa kushoto, vidole vikazunguka mfupa. "Akanishika hivi, nikamimina, yeye ndiye anauendesha mkono. Siga. Siga. Mpaka supu yote ikaisha, na mayai hayakukatika."

Aliendelea kukishika kifundo hicho wakati anaongea. Nadhani hakujua anakishika.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kutupikia. Akasema Mama alikuwa na jiko lake, na mwanamume hamwingilii mkewe jikoni. Halafu akamwita mjukuu wake, akamtuma alete "kile kikopo cha samli". Mnaojua nyumba yetu mnakijua: kikopo kidogo cha shaba, kiuno chembamba, mkono mrefu, Mama alikuwa akiyeyushia samli humo. Baba akakipokea, akakigeuza. Ni cha kahawa, akasema. Wagiriki huchemshia humo kahawa iliyosagwa laini kama vumbi, na sukari ndani kwa ndani, ikipanda povu unaondoa motoni. Kizee kile kilimwachia 1967, wiki waliyofunga masanduku. Miaka yote hiyo Mama alikuwa anayeyushia samli kwenye mkono wa kwaheri wa mtu, nasi tunamimina juu ya chapati.

Makunjo ya kabichi yalikuwa sita. Baba alikula manne, akaniachia mawili, na mchuzi akaumaliza kwa mkate. Nilimwambia jina la tonge hilo. Akasema, "Papara. Ndiyo. Nilikuwa nimelisahau."

Kosa moja tu alilipata. Limau la Mama Mgiriki, akasema, ni la dukani, limelala siku nyingi, uchungu wake umebaki kwenye ganda. Nikataka kumtetea, nikajizuia. Alikuwa kweli.

Nilipoosha bakuli nikataka kulirudisha siku ile ile, Baba akaniuliza ninarudisha chombo cha watu kitupu nimelelewa wapi. Akasimama mwenyewe, na fimbo yake, akaenda nyuma kwenye mlimau aliopanda mwaka niliozaliwa, akachuma malimau tisa, moja moja, akiyanusa. Mawili aliyakataa. Yaliyobaki saba akayapanga ndani ya bakuli, akafunika.

Mama Mgiriki aliyapokea mlangoni. Alichana ganda la moja kwa ukucha, akanusa, akafumba macho kidogo. Nikampa ujumbe kama nilivyotumwa: mzee anasema kabichi lilikuwa safi, mayai yalikuwa safi, limau tu. Akauliza kijana huyo wa jikoni alikuwa anaitwa nani wakati ule, nikamtajia jina, hakulijua, mashamba yalikuwa mengi. Lakini aliliandika kwa chaki pembeni mwa ubao, chini ya vyakula vya kesho.

Alhamisi, nilimwambia Baba, wanapika bamia.

"Mwambie asizikoroge," akasema. "Atikise sufuria."

Nikaenda nikamwambia. Alikuwa ameshika sufuria masikio yote mawili, anatikisa, mvuke umemfunika uso. "Mwambie nimesikia," akasema. "Mwambie na wewe umeona."